Kamba Mbili za Mwanvua

Mwanvua binti Uledi hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, na asikudanganye mtu. Akishuka ufukweni Rumonge na mzigo wa matete kichwani, shingo wima, mkono mmoja kiunoni, wanawake wenzake waliguna: "Haya, tumpishe malkia." Naye hakungoja wamalize. "Mupishe, mupishe! Njia iko nyembamba na mimi ni mwingi." Wakacheka, naye akacheka, akapita.

Kazi yake ilikuwa kufunga vienge. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Mtumbwi hutoka na moto mbele kwenye omo, vile visamaki huufuata mwanga, na wavuvi huviteka kwa lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Bila moto hakuna ndagala, na moto wenyewe ni matete makavu yaliyofungwa yakakazwa. Kienge cha mtu mwingine kiliwaka kikaisha kabla hujatema mate. Kienge cha Mwanvua kiliwaka taratibu, na fundo lake alilijua mwenyewe. Alilipinda mara mbili kuelekea kushoto, na hapana mwingine pwani yote mpaka Kigwena aliyelipinda hivyo. Alijivunia fundo lile kuliko alivyojivunia bangili zake.

Kila jioni alisimama mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, akiuza, na kila mtumbwi uliosukumwa majini mbele yake aliupa salamu. "Salaam aleikum, wana wa ziwa! Nendeni tupu, rudini mumejaa!" Nao wakiitikia kwa pamoja huku wakipiga makasia, "Aleikum salaam, Mwanvua!" Sauti zile zilimfuata mpaka nyumbani, akapika akiwa na furaha.

Hiyo ilikuwa miaka ya Wadachi. Bendera yao ilikuwa Usumbura, safari ya siku mbili tatu kwa miguu ukipitia Kabezi, na huku kwetu tuliwaona wakati wa kodi tu, au meli yao ya moshi ilipopita mbali na watoto wakakimbia kuitazama. Mambo ya mwaloni yaliamuliwa na watu wa mwaloni, na mkuu wao alikuwa Mzee Nasoro, mwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote, mtu wa maneno machache na kofia safi.

Basi ukaja msimu mbaya. Ndagala walikuwa wakipatikana leo, kesho hawapo. Mvuvi mmoja aitwaye Asmani, mlalaji mkubwa, Mungu amsamehe, alirudi mtupu, akatoka tena, akarudi mtupu tena. Akaketi mchangani akawaza, akainua kidole. "Yule mwanamuke wa vienge," akasema. "Mara zote mbili alitusalimia. Yule iko na jicho."

Lo! Neno likishatoka halirudi. Kila aliyewahi kurudi mikono mitupu alijikuna kichwa akakumbuka: aa, hata mimi siku ile alinisalimia! Siku walizosalimiwa wakarudi na mitumbwi imezama hadi ukingoni kwa samaki, hizo hakuzikumbuka mtu. Nani azikumbuke? Tumbo likishiba halitafuti mchawi. Ndani ya giza moja la mwezi habari ikawa imeiva, imepakuliwa, na kila nyumba imekula.

Jioni moja Mwanvua alisimama pale pake. "Salaam aleikum, wana wa ziwa!" Kimya. Wanaume walitazama makasia yao. Mmoja alijifunika uso kwa nguo. Mtumbwi wa pili ukapita, wa tatu, hakuna aliyefungua kinywa. Alidhani hawakusikia, akarudia kwa sauti. Kimya kile kile, na maji yakipiga mbao.

Iliuma, wallahi iliuma. Salamu ni sunna na kuitikia ni faradhi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Kumnyima mtu jawabu la salamu ni kumwambia: wewe si mtu. Mwanvua alijitwika vienge vilivyobaki akaenda nyumbani shingo wima vilevile, lakini alipofika ndani alikaa chini kwenye jamvi akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba.

Siku chache baadaye Mzee Nasoro alimtuma mtu kwa Feruzi, mume wa Mwanvua, fundi wa kuziba mitumbwi, mtu mpole asiyejua kugombana hata na kuku. Ujumbe ulikuwa mfupi. Giza la mwezi likianza tena, Mwanvua asiwepo Rumonge. Arudi Ujiji kwa jamaa za baba yake. Feruzi anaweza kumfuata au kubaki, hiari yake.

"Twende Usumbura, bomani," Feruzi akasema. "Wadachi hawasadiki mambo ya jicho. Nasoro atapigwa viboko hamsa ishirini, na baada ya hapo hakuna atakayekugusa, muke wangu."

"Akishapigwa?"

"Ataogopa."

"Ebo! Mimi nataka kuogopwa?" Mwanvua akamkazia macho. "Mutu aliyepigwa kwa ajili yangu ataitikia salamu yangu na moyoni ananitukana. Kiboko hakinipi kitu. Nataka waniitikie kwa vinywa vyao wenyewe, kama zamani. Hapo nilipozoea kusimama ndipo nitakaposimama."

Akajifunga kaniki, akaenda barazani kwa Mzee Nasoro wavuvi wote wakiwapo. Hakuomba radhi. Alisema mbele yao, na mkono kiunoni.

"Munasema ninaowasalimia wanarudi tupu. Haya, niulizeni ninasalimia nani. Mzee Nasoro, wewe unanunua vienge mchana, na wakati mimi nashuka, mutumbwi wako umekwisha kufika kule penye samaki, mbele ya mto Dama. Nani anabaki mwaloni nije nimukute? Ni yule aliyelala! Aliyesahau vienge, aliyetafuta kasia, anayetoka wa mwisho na kukuta mahali pazuri pamejaa. Ninyi wachelewaji, hata mbuzi angewasalimia mungerudi tupu!"

Watu wakacheka, na waliocheka zaidi ni wale wenye kuwahi. Asmani hakucheka.

Lakini Mzee Nasoro hakutikisika. "Maneno matupu hayavunji mfupa," akasema. "Labda ni uchelewaji, labda ni jicho. Tutajuaje?"

"Tutajua kama munavyogawa samaki," Mwanvua akajibu.

Desturi hiyo kila mmoja aliijua tangu utotoni. Samaki wakisha kupangwa mafungu mchangani, mtu mmoja hugeuka mgongo. Mwingine hugusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka mgongo, bila kuona, hutaja jina, na huyo ndiye mwenye fungu. Hakuna upendeleo wala ugomvi, kwa sababu aliyetaja hakuona kitu.

"Mitumbwi yetu iko kumi na miwili," Mwanvua akaendelea. "Mutu ageuke mgongo. Sita iwe yangu, sita iwe ya ziwa. Sio wachelewaji peke yao. Yoyote! Yangu nitaisalimia, ya ziwa sitaisalimia. Halafu tuone. Kama yangu inarudi na kidogo, nitaondoka na miguu yangu, na Feruzi hatanishika. Kama hairudi na kidogo, mutaniitikia."

Mzee Nasoro akakubali. Alikuwa mkali, lakini mwongo hakuwa.

Giza lilipoanza, Mwalimu Shafii wa chuo aligeuka mgongo ufukweni mbele ya watu wote, mitumbwi ikaguswa mmojammoja, sita ikaangukia kwa Mwanvua. Akaisalimia kwa sauti kubwa, mabaharia wenyewe wakiwemo ndani. Hawakuitikia, maana bado ilikuwa haijathibitika, lakini nyuso zao uliziona: kijivu kitupu. Mmoja alitema mate majini. Mwingine alishika hirizi yake hakuiachia.

Asubuhi mitumbwi ya ziwa ilikuja mizito. Ya Mwanvua ilikuja myepesi inayumbayumba. Siku ya pili Mwalimu akageuka mgongo upya, na matokeo hivyohivyo. Siku ya tatu hivyohivyo, na mara hii hata mtumbwi wa Mzee Nasoro ulikuwa miongoni mwa sita, nao ukaleta vikapu viwili tu, jambo ambalo halijaonekana tangu azaliwe.

"Umejihukumu mwenyewe, binti Uledi," akasema Mzee Nasoro, na sauti yake haikuwa na furaha.

Wanawake waliokuja kuanika ndagala waliacha vikapu wakamtazama. Feruzi aliinama akijifanya anafunga kamba ya kiatu, na miguu yake haikuwa na viatu. Mwanvua akajikalisha kwenye ukingo wa mtumbwi wa Asmani uliokuwa pale karibu, kwa sababu ilikuwa kukaa au kuanguka.

Akatazama chini, ndani ya mtumbwi. Mle kwenye omo palikuwa na vienge vimelala vizima, havijaguswa na moto. Fundo limepindwa mara mbili kuelekea kushoto.

Akanyanyuka. Akaenda mtumbwi wa pili kati ya sita yake: vienge vizima. Wa tatu: vizima. Akaenda kwenye mitumbwi ya ziwa: majivu matupu, hata kikonyo cha tete hakikubaki.

"Asmani!" akaita, na sauti yake ikarudi yote. "Jana nilikuuzia vienge vya kutosha usiku mzima. Mbona hivi vimelala?"

"Maji yaliingia..."

"Ni vikavu! Njooni mushike, kila mutu ashike! Mulirudi mapema. Mulijificha wapi, kule kwenye matete, munangojea alfajiri?"

Asmani akatafuta mahali pa kuweka macho yake, asipaone. Mwishowe akasema chini kwa chini, "Sasa kuna faida gani kuchosha mikono? Tulikuwa tumekwisha kusalimiwa."

Mwanvua aliwageukia watu. "Mumesikia? Si jicho langu lililowarudisha, ni mioyo yao! Mutu ukimuambia njiani kwamba ataanguka, atatembea anaangalia miguu yake, na ataanguka, na atasema ulimuroga. Hawa hawakuvua. Walikwenda kungojea balaa. Na wewe, Mzee Nasoro, usinikasirikie, lakini vienge vyako pia nimeviona."

Mzee Nasoro alikwenda kwenye mtumbwi wake mwenyewe, akainama, akainua kienge kizima, akakigeuza mkononi. Mvuvi kurudi na vienge ni aibu kubwa, sawa na mkulima kurudi na mbegu. Alikirudisha polepole. "Mikono ilikuwa mizito," akasema. "Sikujua ni kwa nini."

Hapo akasimama Bibi Asiya, shangazi yake Nasoro, mkunga wa Rumonge. "Mimi nimewazalisha nusu ya hawa wanaopiga kelele," akasema, "na ninajua kunyamaza na siri za tumbo. Tuanze upya. Safari hii wavuvi wasijue nani amesalimiwa. Asijue muvuvi, wasijue wanawake wanaopima vikapu. Nijue mimi na Mwanvua tu, na Mwanvua asionekane mwaloni asubuhi wala jioni."

"Na wewe, shangazi," Nasoro akauliza, "uko upande gani?"

"Wewe ni damu yangu, na yule anafunga vienge vizuri. Niko upande wa kutaka kujua."

Ikawa hivyo. Kila alasiri, mabaharia wamelala majumbani mwao na mitumbwi imepinduliwa mchangani, Mwalimu Shafii alikuja akasimama ameipa mitumbwi mgongo, uso kwenye michikichi. Bibi Asiya aligusa mtumbwi bila kuutaja. "Huu wa nani?" Mwalimu akajibu, "Wa Mwanvua," au "Wa ziwa," kama ulimi ulivyomjia, mpaka kila upande ukapata sita. Yeye mwenyewe hakujua ni mtumbwi gani uliokwenda wapi. Akishaondoka, Mwanvua alipita kwenye sita yake, akaweka kiganja juu ya mbao za kila mmoja, akasema polepole, "Salaam aleikum, nenda tupu, rudi umejaa." Mbao hazikuitikia, lakini angalau hazikujifunika uso.

Asubuhi wanawake walipima. Kwa kila kikapu alichokileta mtumbwi, walikata shibiri moja ya kamba ya mgomba. Vikapu vinne, kamba ya shibiri nne. Bibi Asiya alizipokea zile kamba akazipeleka nyumbani. Iliyotoka kwenye mtumbwi uliosalimiwa aliitia katika chungu kimoja, iliyotoka kwenye mtumbwi wa ziwa katika chungu kingine. Mtumbwi uliorudi mtupu aliukatia ukamba mfupi wa kidole, ili na wenyewe uwemo. Vyungu vikafunikwa na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia, hata Mwanvua.

Hizo ndizo siku zilizomtesa. Jioni alikaa uani akasikia makasia yanatoka bila yeye. Asubuhi alisikia kelele za mwaloni, hajui nani amecheka wala nani amelia. Akawa anaitazama mikono yake. Wasiwasi ukamwingia, yeye Mwanvua mwenyewe, mwenye shingo ile. Alimwambia Feruzi siku moja wakimenya mihogo, "Je, kama ni kweli? Mutu anaweza kuwa na jicho na asijue."

"Wewe huna jicho," akasema Feruzi.

"Unajuaje? Wewe unanipenda, hukuona kitu. Wao wananichukia, nao hawakuona kitu. Mimi pia najipenda mno." Alicheka kidogo. "Iache kamba iseme. Ikiwa fupi nitakwenda Ujiji, na nitakwenda mchana, nikipita katikati ya watu."

Mwezi ukakua, giza likaisha, wavuvi wakapumzika. Mchana wa siku ya kwanza ya mapumziko Rumonge yote ilishuka ufukweni, na wengine walitoka Kizuka kuja kuona. Bibi Asiya akaleta vyungu. Kamba za chungu cha kwanza, kile cha mitumbwi iliyosalimiwa, zikaunganishwa ncha kwa ncha, ikawa kamba moja ndefu, ikalazwa mchangani. Kamba za chungu cha pili, kile cha ziwa, vivyo hivyo, ikalazwa kando ya ile, vichwa vikiwa sawa. Wanaume wakazifuata kwa miguu, wakaenda, wakaenda, wakapita mitumbwi yote kumi na miwili, wakapita mawe ya kufulia. Mwanvua hakuzifuata. Alibaki kwenye vichwa vya kamba, mikono nyuma, akisoma alichokikumbuka katika Yasini.

Ukelele ukatokea kule mwisho. Ni Asmani aliyekuwa anakimbia kurudi, mchanga unaruka. "Yake ni ndefu! Ya Mwanvua ni ndefu!"

Kweli ilikuwa ndefu. Kamba zilikwenda sambamba njia yote ile, kisha ya ziwa ikakoma, na ya Mwanvua ikaendelea mbele kiasi cha mtu mmoja aliyelala. Vigelegele vikapaa. Feruzi alikaa mchangani akalia bila haya. Wanawake walewale waliomtazama kwa jicho la pembeni sasa walimshika mikono, na mmoja alimfuta vumbi la miguu kwa leso yake. Mwanvua aliinua shingo yake, akajaa, akafurika. Kwa nini asijivune? Ningekuwa mimi ningepiga ngoma siku saba.

Lakini Asmani hakuishia hapo. Alipiga magoti. "Mama Mwanvua, giza lijalo uanze na mutumbwi wangu. Unisalimie mimi wa kwanza. Nitakupa kikapu kila asubuhi."

"Mimi viwili!" akasema mwingine.

Mzee Nasoro akaja, akavua kofia yake safi. "Tulisema una jicho," akatamka watu wote wakisikia. "Tulikosea. Una baraka. Kuanzia leo kila mutumbwi utakupa fungu, nawe utaisalimia yote. Hutafunga matete tena. Utakaa."

Feruzi aliinua uso wenye machozi akatabasamu. Kikapu kutoka kila mtumbwi! Nyumba yao ingejengwa upya kabla ya masika. Na Mwanvua, tusimsingizie utakatifu, aliionja ile heshima ulimini akaiona tamu. Aliwatazama wale watu waliompigia magoti. Kisha akatazama kamba mbili mchangani, na ile ncha iliyozidi, urefu wa mtu mmoja katika safari ndefu yote ile. Akawaza siku ambayo ziwa litanuna tena, kama linavyonuna kila mwaka. Watasema: amenyima baraka. Na kutoka hapo mpaka kwenye jicho ni hatua ngapi?

"Fungueni mafundo," akasema.

"Mafundo gani?"

"Ya kamba zote mbili. Kipande kimojakimoja. Mwalimu Shafii, njoo."

Walidhani furaha imempanda kichwani, lakini walifungua. Vipande vyote vikachanganywa katika wavu mmoja, vya Mwanvua na vya ziwa, visijulikane. Mwalimu akageuka mgongo. Bibi Asiya akawa anatoa kipande kimoja kimoja, "Hiki cha wapi?" na Mwalimu akijibu, "Kulia," "Kushoto," "Kushoto," mpaka kila upande ukapata nusu. Wakaunganisha tena, wakalaza tena, wakafuata tena.

Ya kushoto ilizidi kwa watu wawili waliolala.

"Tena," akasema Mwanvua. Wakachanganya tena. Safari hii kulia kukazidi, kwa mtu mmoja na mkono. Mara ya tatu zikakaribia kuwa sawa. Jua lilikuwa kali, watu wanatoka jasho, lakini hakuna aliyeondoka.

"Haya, niambieni," akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mitumbwi ya nyuma. "Ile kushoto iliyoshinda kwa watu wawili, ilisalimiwa na nani? Kuna mutu aliisalimia kushoto? Kulia je? Ni Mwalimu na mgongo wake tu! Na tofauti ni kubwa kuliko ile munayonipigia magoti. Basi ile yangu ni nini? Ni ziwa, leo linatoa huku, kesho kule. Jicho sina, Mzee Nasoro. Na baraka ya kuuza pia sina. Rudisha kofia kichwani. Mimi ni Mwanvua binti Uledi, ninafunga vienge, na hakuna anayevifunga kama mimi, hapo ndipo mutoe sifa! Salamu yangu haivui samaki. Ni salamu. Ninachotaka ni jawabu lake."

Mzee Nasoro aliitazama kofia mkononi. Kisha akaivaa. Akaenda zake, na watu wakatawanyika polepole, wengine wakinung'unika, maana kuna watu ukiwanyima mchawi wanataka walii, na ukiwanyima walii wanaona umewaibia.

Giza lilipoanza tena, Mwanvua alishuka mwaloni jioni na vienge kichwani. Wote walimwona akija. Mzee Nasoro kwa makusudi hakuwa ametoka. Mtumbwi wake ulikuwa ukingoni, mabaharia wameshika makasia wanamtazama.

"Salaam aleikum, wana wa ziwa," akasema Mwanvua. "Nendeni tupu, rudini mumejaa."

"Aleikum salaam, Mwanvua," akaitikia Mzee Nasoro, kwa sauti ya kusikika. Na mabaharia wake wakaitikia. Na mtumbwi uliofuata, na uliofuata huo.

Alfajiri watu walikuwa wengi mwaloni kuliko kawaida, na ukiniuliza walitafuta nini nitakwambia: ule mtumbwi wa Mzee Nasoro. Ulikuja mwepesi, unayumbayumba. Mzee Nasoro alikuwa amerudi mtupu, hana hata ndagala wa kumpa paka, na kwenye omo lake kulikuwa na majivu matupu. Ufukwe mzima ukamgeukia Mwanvua. Mwanvua alikuwa amesimama palepale, shingo wima.

Mzee alishuka majini, akaja moja kwa moja mpaka alipo Mwanvua, nguo zinachuruzika, lusenga tupu begani. Na yeye, mkubwa wa mwaloni, mwanamume na mzee, ndiye aliyetangulia.

"Salaam aleikum, Mwanvua."

"Aleikum salaam, mzee wangu. Mumepata?"

"Hatukupata kitu."

"Ziwa," akasema Mwanvua.

"Ziwa," akasema Mzee Nasoro, akahamisha lusenga bega la pili. "Jioni uniwekee vienge vyangu."